Konokono

Shomari alilileta Jumanne,
likivutwa na trekta la kuazima, bila taa, bila namba,
yeye ananing'inia mlangoni kama bwana harusi aliyechelewa.
Nilikuwa nachambua mchele.
Nikauliza, hiki nini?
Akasema, karavani.
Nikauliza tena, maana jina si jibu.

Lilikuwa limelala yadi ya Kurasini miaka thelathini na ushei,
mali ya mhandisi fulani wa barabara
aliyekwenda kwao likizo, asirudi.
Milioni moja na laki mbili. Fedha ya kuezekea banda la uani.
Ndani: mchwa, kitasa kisicho na ufunguo,
na kwenye sinki kuku wa mtu, anaatamia mayai saba,
kasafiri nalo kutoka Kurasini bila kusimama,
akatutazama kama sisi ndio wapangaji.

Mama mkwe alilizunguka mara moja.
Akagonga ubavu kwa kidole, akasikiliza.
"Mwanangu, nyumba unayo. Kipi kinakutoa ukalale porini?"
"Mapumziko, mama."
"Kupumzika kwa kuvuta nyumba?
Mbona konokono hajawahi kusema amepumzika."

Tukaanza na kutu.
Tabata Kimanga nzima ilijua tumeamka kwa kelele za msasa.
Ngonyani mchomeleaji alikuja Jumapili baada ya misa,
akaingia chini kwa mgongo, akasonya.
"Mgonjwa wenu kabaki uti wa mgongo tu."
Chuma kilikuwa ghali mwezi ule.
Shomari akaenda nyuma ya choo, akarudi na kitanda,
kile cha kwanza, cha chumba kimoja Buguruni,
nilichodhani kiliuzwa kwa kilo
tangu Zubeda hajazaliwa.
Kikakatwa, kikaungwa kwenye chesisi.
Sikusema kitu. Nilishika taa,
nikageuza uso, eti cheche.

Beringi za Gerezani. Sponji za Tandika,
nimezibeba kichwani, mvua inanikimbiza.
Mapazia nilishona mwenyewe,
kitenge cha mapangaboi, kilichobaki harusi ya shoga yangu.
Nilipofungua mlango wa kabati niukwangue,
nikakuta mistari ya penseli kwenye ubao,
mmoja juu ya mwingine, na tarehe,
na jina moja tu la mtoto, la kigeni, sikuweza kulisoma vizuri.
Mstari wa mwisho unanifika kiunoni.
Shomari akasema, paka rangi.
Nikapaka kote.
Pale nikaruka.

Siku ya safari, geti likakataa.
Tulipolileta palikuwa na michongoma tu;
ukuta tuliujenga baadaye, kwa kuogopa wezi,
na hakuna aliyepima.
Vidole vinne. Vidole vinne vya mtu mzima
vilizidi kati ya bati letu na nguzo ya zege.
Pazi alicheka mpaka akakaa chini.
Mama mkwe, kibarazani, hakusema neno,
na kutosema kwake kulikuwa kurefu.
Nyundo niliileta mimi.

Basi tukafika Pugu saa kumi na moja jioni,
mita chache kutoka msituni,
na vumbi la nguzo yetu bado liko kwenye nywele za watoto.
Tukapika wali kwa jiko la mkaa, chini ukaungua, tukaugombania ukoko.
Usiku ikanyesha.
Paa lilivuja mahali pamoja tu, juu ya mto wa Shomari,
tukakinga sufuria, ti, ti, ti,
watoto wakahesabu mpaka mia na kitu, wakanyamaza.

Mama mkwe, aliyeapa haji,
alikuwa amechukua kitanda cha dirishani.
Nilidhani kalala.
Nilikuwa nawaza vile vyuma vya Buguruni hapo chini yangu,
vilivyokuwa vikilia kila mtu akijigeuza,
sasa vimebeba watu watano, kimya.

"Shomari," akaita gizani.
"Naam, mama."
"Ndiyo tumefika, au bado tunakwenda?"